Bibi Yako Yupi?

Evere, Brussels
2 Februari 2025

Wifi yangu mpenzi,

Neno hilo nimeliandika nyuma ya bahasha kwa ajili ya karani wa shule yako, anayesoma bahasha za watu kama gazeti, na kwa ajili ya mama yako, anayeamini nitaolewa na kaka yako. Humu ndani halina kazi, lakini nimelizoea na lina utamu wake. Mwambie Wilbroad namshukuru kwa kuendelea kuwa mchumba wangu wa jina. Wachumba wa kweli wangeiga tabia yake, maana haniulizi kitu.

Tulikubaliana simu iwe ya salamu tu, kwa kuwa simu yako ni ya nyumba nzima, na ukweli uende kwa karatasi. Basi ukweli ndio huu. Baridi ya hapa inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi napanda basi kutoka Evere kwenda chuoni Woluwe, jioni narudi, napika wali, nakula nikitazama kiti cha pili. Nimekinunua kwa ajili yako. Chuo cha hapa kikikukubali, nipigie siku hiyohiyo, useme tu kwamba mvua imenyesha. Nitaelewa.

Sasa kuna jambo. Hapa tuna Umoja wa Wanafunzi wa Kiswahili. Wakongo ndio wengi, halafu sisi Watanzania na Wakenya kidogo. Kila Juni kuna sherehe kubwa, na kuna tiketi ya wawili iliyochapwa kwa herufi za dhahabu, "Bwana na Bibi". Mwaka jana wasichana wawili waliiomba, mwenyekiti akawaambia waisome vizuri. Mwenyekiti ni Radjabu, Mtanzania mwenzetu wa Tanga, mtu mwenye adabu hata akikunyima kitu unajikuta unamshukuru. Mwaka huu wanafunzi wameanzisha kampeni inayoitwa Wawili ni Wawili. Wanataka wanawake wawili wanaopendana, au wanaume wawili, wapewe tiketi ileile na meza ileile, na majina yao yasomwe mlangoni kama ya wengine. Katika nchi hii watu kama sisi wanaoana kwa meya na kupigwa picha, lakini tukiingia kwenye ukumbi wa wenzetu tunageuka mabinamu.

Anayeongoza ni Mujinga, anasomea sheria, watu wake ni wa Lubumbashi. Mama yake, maman Yolande, ana saluni Galerie d'Ixelles, kule Matonge kwenye maduka ya Waafrika. Nilikwenda kusuka tu, nikatoka na nywele mpya na mabango mawili mkononi. Juu yangu sijasema lolote. Nabandika karatasi na kukusanya saini kantini. Lakini huyu msichana akianza kusema, hata mabomba ya joto yanatulia kumsikiliza. Ungempenda.

Wako,
Felisia


Kigoma
1 Machi 2025

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara moja, halafu nikarudia ile sehemu ya mwisho mpaka karatasi ikalegea. Ungempenda. Nani kakwambia? Mtu nisiyemjua, anakushika kichwa asubuhi nzima, na mabomba yanatulia akisema. Mimi nikisema hakuna kinachotulia. Kidato cha Pili B ndiyo kwanza wanaongeza kelele.

Si kwamba nina wivu. Nauliza kama mwalimu anavyouliza. Ana umri gani? Anasuka mwenyewe au ni mama yake? Mkono wake ni mwepesi? Maana mkono mwepesi unakulaza, nakujua. Nilikusuka miaka yote tuliyosoma Mwanza, na kila mara ulikuwa unaniangukia begani kabla sijamaliza upande mmoja.

Basi, nina wivu. Na si wa Mujinga peke yake. Nauonea wivu hata ukuta unaoubandika. Huku nikibandika karatasi moja kama zenu, jioni nitakuwa kituo cha polisi na mama atakuwa barabarani na kanga kichwani. Wewe unabandika, unafuta gundi mikononi, unakwenda kula. Nafurahi kwa ajili yako, na furaha yenyewe inanichoma.

Kwa kuwa tunaambiana ukweli, na mimi nina wangu. Mwalimu Samson wa hesabu anakuja nyumbani kunisaidia kusahihisha mitihani. Amenitengenezea baiskeli. Mama anamwekea chai kabla hajapiga hodi. Hajaniuliza kitu na mimi sijamwambia kitu, tunasahihisha tu.

Mvua bado. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wifi. Kama kuna nyoka, niambie mapema.

Pamela


Evere
24 Machi 2025

Wifi yangu mwenye maswali,

Ana umri wetu. Anasuka mwenyewe, mama yake anapokea wateja. Mkono wake ni mwepesi. Sikulala.

Huyo Samson mwambie baiskeli ikiharibika tena, mafundi wako sokoni tele.

Sasa nisikilize, maana nina habari ya kukuchekesha. Tumefanya mkutano wa kwanza juu ya tiketi. Radjabu alisimama akasema chama hakina ubaya na mtu yeyote, ila tiketi ya wawili ni ya mume na mke, ni ya familia. Ukumbi ukaanza kunguruma. Mujinga akanigeukia akasema, "Felisia, sema kintu. Weye njo unajua Kiswahili ya bien," yaani kizuri. Miguu yangu ikasimama kabla yangu. Halafu nikapata akili, ile akili ya mtu mwoga. Nikajiuliza, kwa nini nijitaje mimi? Nitatetea wawili wowote, hata wasio wapenzi.

Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, mimi nikija na bibi yangu, nikamshika mkono, nikaketi naye meza moja, mtaninyima tiketi kwa sheria ipi? Bibi yangu nampenda kuliko watu wote duniani, na simwonei haya." Nilikuwa namfikiria bibi Leokadia wa Bukoba, mguu wake mbovu na kitambaa chake cha Jumapili. Nilitaka nione kama Radjabu atamnyima ajuza tiketi.

Pamela, sijawahi kupigiwa makofi namna ile. Wakongo walisimama wote, na maman Yolande, aliyekuja kumsikiliza binti yake, alilia. Watanzania walicheka, hata Radjabu alitabasamu. Wakenya peke yao ndio walionyamaza wakawa wananitazama. Jamal wa Nakuru alidondosha kalamu. Labda kwao bibi hawapelekwi kwenye sherehe.

Tangu siku hiyo Wakongo hawanipiti bila kuniuliza, "Bibi yako iko muzuri? Utamuleta lini?" Watu wenye adabu kweli. Nawajibu hajambo, ila mguu unamsumbua. Wananipa pole.

Nimekuwekea karatasi ya kampeni yenye picha yetu ndani ya bahasha. Huyo aliyeshika bango upande wa pili ndiye Mujinga. Maneno ya chini kayatunga yeye kwa Kiswahili chao, "Felisia iko na bibi yake. Mubape tiketi ya batu babili." Unaona nilivyojificha? Nimesimama mbele ya watu wote nyuma ya ajuza wa miaka themanini na mbili, na hakuna aliyeniona.

Wako,
Felisia


Kigoma
19 Aprili 2025

Felisia,

Mvua imenyesha. Chuo kimenikubali. Ilinyesha siku nyingi zilizopita na sikupiga simu.

Dhumuni la barua hii si kukujulia hali. Hali yako naiona kwenye picha. Umejaa mashavu, umesukwa na mtu mwenye subira, na huyo mwenye subira kakusogelea mpaka sijui bango lilikuwa na haja gani ya mikono minne.

Umesahau kwamba mimi ni mtu wa Kigoma. Mama Bienaimé anayeniuzia vitenge katoka Kalemie, na kila nikienda kwake ananilalamikia kuwa bwana yake ana bibi wawili. Ulifikiri analalamika kwamba mume wake ana ajuza wawili? Bibi kwa Wakongo ni mke, Felisia. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma. Nawe umekaa nao tangu mwaka jana, unasukwa nao, unabandika nao, halafu unaniambia hujui. Karatasi imesema wazi kwamba Felisia ana mke wake, na picha imemwonyesha mke mwenyewe. Halafu ukanichomekea bibi Leokadia na mguu wake ili nicheke. Kumtumia mzee wa watu katika uongo wako, hilo ndilo limeniuma kuliko yote.

Hapana, si kuliko yote. Kilichoniuma kuliko yote ni kile ulichosema ukumbini. Kwamba unampenda kuliko watu wote duniani na humwonei haya. Mimi hujawahi kuniambia hivyo kwa sauti. Mwanza tulikuwa tunatembea, na ukiona mtu anakuja unauachia mkono wangu kama umeshika kaa la moto. Nilidhani ndivyo ulivyoumbwa, mtu wa haya. Kumbe ulikuwa unanionea haya mimi peke yangu.

Wajomba wa Samson wameomba kuja nyumbani. Nilikuwa natafuta sababu ya kuwakataza. Nimewaambia waje.

Msalimie bibi yako.

Pamela


Evere
21 Aprili 2025

Wifi, wifi, wifi,

Nimefanya balaa. Kaa chini kwanza.

Jana nilikuwa saluni. Mujinga ananisuka, maman Yolande anachambua nywele za bandia, mimi nimefumba macho. Mujinga akaniuliza, "Felisia, bibi yako atakuya kwa fête ya Juni? Tumuwekee kiti?"

Nikasema hawezi kupanda ndege, ana miaka themanini na mbili.

Kitana kikasimama kichwani mwangu. "Quatre-vingt-deux? Weye na muntu wa quatre-vingt-deux?"

"Ndiye aliyenilea," nikasema.

Maman Yolande akaziba mdomo kwa mkono. "Mutoto huyu," akasema. "Mungu amusaidie." Mujinga akaja mbele yangu, akachuchumaa, akanitazama kama mgonjwa. "Felisia. Bibi, donc muke. Ule mwenye unaoa. Mama ya mama yako, ule hapana bibi, ule ni nkambo."

Maman Yolande alicheka mpaka akaketi kwenye kiti cha wateja. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu watu waliokuwa ukumbini. Nimesimama mbele ya wote nikatangaza nina mke. Wamekuwa wakiniuliza hali ya mke wangu, nami nawaambia mguu unamsumbua. Na Wakenya, nimeambiwa, nao humwita mke bibi, ndiyo maana Jamal alidondosha kalamu. Watanzania peke yetu ndio tuliosikia ajuza.

Mkutano wa kupiga kura ni mwisho wa Mei. Nimeamua nitasimama nisahihishe. Nitasema nilimaanisha bibi mzaa mama, na utata utakwisha. Mujinga amekasirika sana. Anasema nikifanya hivyo kampeni imekufa, maana Wakongo wengi wameahidi kura zao kwa ajili ya yule dada aliyethubutu. Nimemwambia yule dada hakuthubutu, alikosea neno. Na afadhali kampeni ife kuliko maneno yafike Kigoma yaingie nyumbani kwa mama yako. Watanzania wa hapa wana ndugu kila mahali. Leo akipiga simu mmoja, kesho karani wako anajua.

Nafanya hivyo kwa ajili yako. Ninakulinda.

Felisia


Kigoma
15 Mei 2025

Wifi,

Barua niliyokuandikia Aprili, kama imeshafika, ichome. Kama bado iko njiani, Mungu aipoteze. Nilikosea. Samahani.

Nimecheka peke yangu chumbani mpaka mama akaja kuuliza kuna nini. Mke wako mguu unamsumbua! Nimejitazama miguu yote miwili. Halafu nikafika mwisho wa barua na kicheko kikakatika.

Yaani ulishasema. Kwa bahati, kwa kosa la neno, lakini ulishasema. Mbele ya watu umesema una mke, unampenda kuliko wote duniani na humwonei haya, na watu wakasimama wakalia. Maneno hayo nimeyasubiri tangu Mwanza. Sasa unataka kurudi ukumbini uyachukue na kumpa bibi Leokadia.

Mwezi uliopita nilimwonea wivu Mujinga mpaka chakula kikanishinda. Leo namwonea wivu ajuza wa miaka themanini na mbili mwenye mguu mbovu. Tazama ulikonifikisha.

Unasema unanilinda. Nani alikuomba? Mimi niliomba kiti, ukaninunulia. Ulinzi sikuomba. Samson ananipokea kikapu sokoni mbele ya watu, ananiita jina langu kwa sauti, na muuza nyanya anatuchekea. Simpendi, unajua hivyo. Lakini kwa hilo moja amekuzidi, na linaniuma kukuandikia.

Wajomba zake watakuja Juni. Niliwaita nikiwa na hasira, na sijui nitawafukuzaje nikiwa na akili zangu.

Najua barua hii haitafika kabla ya mkutano wenu. Nimeiandika hivyohivyo.

Pamela


Evere
2 Juni 2025

Pamela,

Barua yako ya Aprili imenifikia wiki ileile ya mkutano. Nilipiga simu papo hapo. Akapokea mama yako, akanifurahia, akaniuliza nitarudi lini niolewe na Wilbroad. Nikasema salamu kwa wote nikakata.

Kwa hiyo uliamini. Nilikaa kitandani na koti langu mwilini, nikamchukia mtu ambaye sijawahi kumwona. Namchukia Samson, na vidole vyake vyenye grisi, na chai anayowekewa. Ukinipeleka mbele ya padri nitakiri, lakini sitatubu.

Nilikwenda mkutanoni na maneno yangu tayari, bibi mzaa mama, basi. Radjabu alikuwa ameshasikia. Akanisimamisha kwa upole wake ule. "Dada Felisia, for the record, tuondolee utata. Bibi uliyemtaja hapa, ni wa Kitanzania au wa Kikongo?" Watu wakacheka. Mujinga hakucheka na hakunitazama. Alikuwa anakunja pembe ya bango.

Nilifungua mdomo niseme wa Kitanzania. Nikaiona barua yako. Hukukasirika kwamba nimesema nina mke. Ulikasirika kwamba si wewe. Na mimi nilikuwa nimekuja pale kusema si wewe, si yeyote, ni ajuza. Nilijiona nikiuachia mkono wako tena, safari hii mbele ya ukumbi mzima.

Nikasema, "Ndugu mwenyekiti, tiketi yako imeandikwa Bwana na Bibi. Huyo bibi wa kwenye tiketi ni mzaa mama wa nani?"

Mtanzania mmoja akatoa tiketi yake akaitazama.

Nikasema, "Basi wangu ni huyohuyo. Ana jina, na siku ikifika atalisema mwenyewe." Nikaketi.

Kura tumeshindwa. Wengine waliosimama Machi walibaki vitini Mei. Kupiga makofi na kupiga kura ni kazi mbili. Jamal alitupigia, na baada ya mkutano alinishika mkono. Maman Yolande anasema sherehe yetu tutafanyia saluni kwake mwezi wa Kumi, masomo yakianza, na tiketi atachapa yeye.

Nimekuficha mambo mawili. La kwanza, nililala. Siku ile ya kwanza mkono wake ulinilaza, na niliota ni wako. La pili, siku ya kitana, mama yake alipotoka kununua ndizi, Mujinga aliniambia, "Mi nilikuwa nakupenda. Mais ulisema uko na bibi, donc nikanyamaza." Kwa hiyo wivu wako haukuwa wa bure, na neno nisilolijua ndilo lililokutetea. Siku ile sikumjibu. Ukumbini nimemjibu.

Watanzania wametoka wakiamini bibi yangu ni Mujinga, kwa sababu ya ile picha. Sikuwasahihisha. Kwako ni salama zaidi hivyo.

Kama umeshampa Samson jibu, usiniandikie. Nipigie useme huko jua linawaka. Nitaelewa.

Felisia


Mwanza
6 Julai 2025

Felisia,

Lisemwalo lipo, na Kigoma lilifika kabla ya barua yako. Mtu asiyemjua alimpigia Wilbroad akampa pole, kwamba mchumba wake huko Ulaya ana mke, mwanamke wa Kikongo anayeitwa Mujinga. Wilbroad akapokea pole kwa heshima. Mtu huyohuyo akampigia mama.

Wajomba wa Samson walikuja Jumapili iliyofuata. Walikuwa wanne, na kofia zao magotini. Mama aliwakaribisha, halafu hakuweza kujizuia, akawasimulia. "Bora Pamela wangu anapata mtu tunayemjua," akasema. "Tazameni huyo tuliyemtegemea awe mkwe. Kumbe ana bibi yake Mkongo." Wajomba wakasikitika. Mimi nilikuwa nimesimama na birika.

Ulikuwa umesema kweli, nilikuwa salama. Hakuna mtu duniani ambaye angenishuku. Mujinga alikuwa amenibebea kila kitu, jina baya, lawama, masikitiko ya wajomba, na wewe. Hayo mengine angeyabeba tu. Nilimshukuru hata. Lakini wewe, nikusikie unakabidhiwa kwake sebuleni kwetu, na mimi namimina chai! Mama akarudia, "Bibi yake Mkongo."

Nikasema, "Mama, si Mkongo."

"Nini?"

"Bibi wa Felisia si Mkongo."

Samson ndiye aliyeelewa wa kwanza. Hesabu ni kazi yake. Aliweka kikombe chini polepole bila kukigonga, akawaambia wajomba zake kuwa wameshashiba, waondoke. Mlangoni aliniambia baiskeli ina breki mbovu, niwe mwangalifu. Usimchukie tena. Mimi mwenyewe sina haki ya kumtazama usoni.

Mama hajasema nami tangu siku hiyo. Nilipofunga mizigo alisimama uani na mgongo wake kwangu, akawa anaanika nguo zilizokwisha kukauka. Nimemwachia simu, ni ya nyumba. Ile barua ya Aprili nimeililia, na yeye nitamlilia siku nyingi. Niko kwa Wilbroad, hapa Mwanza. Alizicheka zile pole alizopokea bure, halafu akaacha kucheka, akanishika mkono.

Watu wa kampeni yenu wakisikia watasema nilikuwa jasiri. Usiwaache waseme hivyo. Ulikuwa wivu.

Viza imetoka. Nakuja Septemba. Mwambie maman Yolande atuandikie tiketi ya wawili, na maneno yake ayatunge Mujinga, kwa kuwa anajua kuandika, hilo namkubalia. Ila kwenye picha asogee kando. Kichwa chako nitakisuka mwenyewe, hata kama mkono wangu umekuwa mzito. Na kile kiti asikikalie mtu.

Nyuma ya bahasha hii sikuandika wifi. Karani wa posta atasoma nilichoandika, atanitazama, halafu atagonga muhuri.

Bibi yako,
Pamela